Khanga ya Mama Mkwe na Goti Langu Zima

Mkasa huu ulinigharimu mbuzi jike mmoja mwenye mimba, doti mbili za khanga, jogoo wa kumlipa shangazi aliyebeba ujumbe, na heshima niliyoijenga ukweni kwa miaka ishirini na sita bila kuitia hata ufa. (Nimehesabu mara mbili. Mke wangu anasema mbuzi mwenye mimba ni mbuzi wawili, na hapo ndipo tunapopishana, kwa sababu siku ya kumnunua yeye huyo huyo alisema ni mmoja.) Naona haya kuusimulia, sitawaficha, lakini kwa kuwa pale sokoni umeshasimuliwa na watu watano ambao hawakuwepo, na kila mmoja ana idadi yake ya nguo nilizokuwa sijavaa, bora niuseme mwenyewe niliyekuwepo, muupate kwa bei ya jumla.

Kwa msionifahamu, mimi ni muuza asali hapa Tabora mjini. Nyumbani waliniita Maganga, sokoni wananiita Rudia, kwa sababu kila madumu yakishushwa kutoka porini nayahesabu, nikimaliza nasema "rudia", na tunahesabu upya, hata kama dumu ni moja. Mke wangu anaitwa Nyamizi, na mama yake, Mama Nyamizi, anaishi Ntalikwa, analima karanga na mahindi, mwanamke wa miaka sabini mwenye sauti ambayo ng'ombe wa jirani wanaitii.

Sasa, kwetu sisi tulioshikilia mambo ya zamani, mama mkwe haguswi. Hutazamani naye usoni, hukai naye benchi moja, akija kwa njia hii wewe unapita ile, na kama njia ni moja tu unaingia kwenye mahindi ya watu mpaka apite. Mkizungumza, mnapitia kwa mtu wa tatu. Yeye anamwambia Nyamizi, "Mwambie mumeo chumvi imekwisha," nami nimesimama hatua sita tu kutoka hapo na nimesikia vizuri, lakini nangoja Nyamizi aniambie ndipo nishtuke. Watu wa siku hizi wanacheka. Wacheke. Kwa miaka ishirini na sita hatujagombana hata mara moja, jaribuni ninyi kugombana na mtu kupitia mkalimani muone kama hasira haipoi njiani.

Shida ilianza na goti lake la kulia. Lilivimba, likakaza, likawa linamwamsha kabla ya jogoo, na kanisani wenzake wakipiga magoti yeye anabaki amesimama peke yake kama mlinzi wa benki. Kila aliyepita alimwambia ute wa goti umekauka, ale bamia. Akala bamia. Wakasema bamia haitoshi, ale mlenda, akala mlenda miezi mitatu mpaka nikaamini mwenyewe sasa ana ute wa kutosha kuwakopesha majirani, na goti halikushtuka. Ndipo jirani mmoja akamnong'oneza kwamba hilo si goti la bure, ametegewa kitu njiani, tangu ule ugomvi wa mpaka wa shamba. Akatajiwa mganga wa Usinge ambaye alituma neno kwamba aje Ijumaa, atamchanja goti kwa wembe, aingie ndani kidogo, akitoe kilichopandwa.

Wembe! Kwenye goti la bibi wa miaka sabini! Nyamizi alilia siku mbili. Siku ya tatu akasikia kwamba kwenye kituo kimoja cha afya hapa mjini wamekuja watafiti wa magonjwa ya maungo, wanawapima watu wenye magoti mabovu, wanapiga eksirei, wanachukua damu, hawadai chochote. Akaenda Ntalikwa kumbembeleza mama yake. Akarudi jioni na jibu.

"Amekubali," akasema, "ila kwa sharti."

"Sharti gani?"

"Amesema: mwambie mumeo atangulie yeye. Wakimkataa, au akitoka huko amepungukiwa na kitu, mimi sitoi damu yangu, Ijumaa nipo Usinge."

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa ndogo kabisa. Niingie, nikubaliwe, nitoke mzima. Mtu anayeuza asali kwa wanunuzi wanaojifanya hawapendi vitamu hashindwi na kazi hiyo.

Jumatano asubuhi nikavaa suruali yangu nzuri kwa ajili ya heshima ya mkwe, ile ya mtumba ambayo nilimshusha bei muuzaji mpaka akaketi chini, na nilipofika nyumbani ndipo nikajua kwa nini aliketi: miguu ya suruali ni myembamba mno, ukiivaa huivui mpaka upate msaada. Mama mkwe alikuja kwa bodaboda yake, mimi kwa yangu. Alipoketi benchi la akina mama upande wa dirishani, mimi nikaketi la mwisho upande wa mlangoni, nikampa mgongo kwa adabu. (Hili mlikumbuke kwa sababu ndilo lililoniua. Mtu yeyote mgeni aliyetuona pale asingejua kama tunafahamiana hata kwa jina.)

Akatoka daktari, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mchangamfu, akajitambulisha kuwa ni Dakta Zaituni, Mzaramo wa pwani. Ukumbi mzima ukaguna kwa furaha. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanabeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa mpaka baharini, na mtani akisimama mbele yako ana ruhusa ya kukutukana mpaka jua lizame na wewe unatakiwa ujibu, usipojibu umeshindwa, na ukikasirika umeshindwa mara mbili.

Alieleza vizuri, hilo simnyimi. Alisema ncha za mifupa kwenye goti zimefunikwa na gegedu, ile nyeupe laini inayoteleza, ambayo mnaitafuna kwenye goti la kuku mkadhani ni bahati yenu. Gegedu likilika, mfupa unasagana na mfupa. Na gegedu halikauki kama kisima, lina seli zinazoishi mle ndani, zinalijenga na kulikarabati, na kila seli inapokea maagizo. Maagizo hayo yanabebwa na vitu vinavyoitwa RNA. Kuna RNA zinazobeba agizo la kutengeneza protini, yaani matofali ya mwili. Lakini ziko nyingine hazitengenezi protini yoyote, na hizo hasa, akasema, ndizo zilizomtoa pwani.

Mimi nikanyanyua mkono. "Dakta, hizo zisizotengeneza kitu mnazitafutia nini? Mimi nikikuta kibarua ghalani kwangu hatengenezi kitu namwonyesha mlango."

"Mtani wangu," akasema, "wewe ni Mnyamwezi gani usiyejua habari za msafara? Wapagazi mia wamebeba pembe. Mbele yao kuna mtu mmoja ana bendera na ngoma tu, pembe hana. Ukihesabu mizigo utasema huyo ni hasara. Haya, mtoe. Nani atasema leo tunalala hapa, leo tunapita kushoto, kule maji yamekauka?"

"Watasimama njiani," akajibu mzee mmoja.

"Au watakwenda wote shimoni. Ndizo hizo. Ziko fupi, ziko ndefu, ziko zilizojikunja kama pete. Hazibebi matofali, zinasema: hili lipite, lile lisubiri, hapa punguza. Idadi yake ikiharibika, nyingine zikazidi nyingine zikapungua, seli za gegedu zinapotea njia, zinaanza kutoa vitu vinavyolila gegedu lile lile zilizotumwa kulijenga. Sisi tunazihesabu, katika damu na katika maji ya goti, tuone kama hesabu inaweza kutuambia goti linaumwa kabla eksirei haijaona kitu."

"Mnahesabu mara ngapi?" nikauliza.

"Kila sampuli mara tatu."

Mara tatu! Nakwambieni ukweli, moyo wangu ulifunguka. Nimeishi mjini hapa nikichekwa kwa kuhesabu mara mbili, kumbe kuna watu wamesoma mpaka wakaongeza ya tatu.

"Na dawa?" akauliza mama mmoja.

"Dawa itokanayo na hizi bado," akasema, bila kupepesa. "Nikikwambia ipo, ujue nakuuzia kitu. Leo nitakupima, nitakwambia goti lako limefika wapi, nitakuonyesha mazoezi na namna ya kupunguza maumivu. Hilo ndilo nililonalo."

Nikaona benchi la dirishani kwa pembe ya jicho, Mama Nyamizi anaitikia kwa kichwa polepole, kwa namna ya mtu aliyezoea kuahidiwa makubwa na leo ameahidiwa kidogo. Ilikuwa inakwenda vizuri. Ingeendelea kwenda vizuri kama yule mwanamke angenyamaza hapo.

"Sasa," akasema, "nahitaji pia watu wenye magoti mazima, ili nilinganishe. Lakini Unyamwezini hapa nitampata nani? Mizigo ile iliwamaliza. Bibi yangu alisimulia, mkifika kwetu pwani mlikuwa mnatambaa."

Ukumbi ukalipuka. Watu wakanigeukia mimi, maana ndiye niliyekuwa nimefungua mdomo.

"Hatukutambaa, Dakta," nikasema. "Tulikuwa tunapiga magoti kuwaomba mpunguze bei ya maji. Watu mmezaliwa kando ya bahari, na maji mnauza!"

Wakapiga makofi, wengine wakapiga sakafu kwa fimbo. Naye akaweka mkono kiunoni. "Haya basi, mwenye mdomo. Yako mazima?"

Ndugu zangu, hapa ndipo pa kunilaumu. Goti langu la kushoto lina miaka mitatu sasa linalia kama mtu anayetafuna karanga mbichi, nikipanda ngazi ya ghala napumzika katikati nikijifanya nakagua ukuta, na mke wangu hajui. Ningeweza kusema, "Dakta, moja zima, moja lina mgogoro," naye angeniandika upande wa wagonjwa, kwisha. Lakini nimkubalie Mzaramo? Mbele ya watu arobaini (arobaini na wawili, nilirudia)?

"Mazima," nikasema. "Yote mawili. Nimeyahesabu."

Akaniandika. Nikaingia chumbani nikitembea kwa maringo, kitu ambacho goti halikukifurahia.

Kule ndani kulikuwa na kitanda, na pazia la kusimama lile lenye magurudumu likitutenga na ukumbi, na nesi kijana mgeni hapa, aliyepangiwa kazi kutoka mbali. Alinionyesha vichupa viwili vya damu.

"Chukua kimoja," nikasema.

"Mzee, ni viwili."

"Kimoja na nusu."

"Mzee, hatuuzi hapa."

"Ndiyo maana nakushauri upunguze."

Nikatoa viwili. Kisha akasema nikunje suruali ivuke goti. Tukaikunja. Ikafika chini ya shavu la mguu ikagoma. Tukavuta wote wawili, akaweka mguu wake kwenye kitanda kupata nguvu, wapi. Ikabidi niivue yote, na mashuka ya kituo yalikuwa yamekwenda kufuliwa, basi yule binti mwema, kwa huruma yake tu, akatoka nje kutafuta, akarudi na khanga, akaniambia jifunge hii, kuna mama ametuazima. Nikajifunga. Sikuitazama. Nani hutazama khanga ya kuazimwa?

Akaja Dakta Zaituni. Akaniambia nishike ukingo wa kitanda, nimpe mgongo yeye na pazia, nichutame na kusimama mara kumi.

"Tatu," nikasema.

"Kumi."

"Nne, na ya tano nakupa kwa ajili ya utani."

Akacheka, akakubali tano. (Nilishinda. Naomba hilo liandikwe mahali, kwa sababu ndilo jambo la mwisho nililoshinda siku ile.) Nikachutama ya kwanza, goti likatafuna karanga. Ya pili. Ya tatu nikaanza kuona vinyota. Nilipoinuka nikasema, "Tano!" na nesi akasema, "Nne, mzee." Mimi nikasema tano. Yeye nne. Dakta akasema yeye amehesabu tatu. Sasa mtu mwenye akili timamu angesema haya nimalizie hizo mbili. Lakini mimi mdomo wangu una mazoea yake, na kabla sijaukamata ulikuwa umeshasema:

"Rudia!"

Tukaanza upya kutoka moja. Kwenye ya pili nikashuka chini, goti likatoa mlio kama kuni kavu, likajifunga pale pale. Sikwenda juu, sikwenda chini. Nikabaki nimechutama, nimeng'ang'ania ukingo wa kitanda kama mtu anayeogopa kitanda kisikimbie.

"Panda, mtani," akasema Dakta.

"Napumzika."

"Hapo?"

"Ni pazuri."

Akadhani ni utani unaendelea, akacheka, akanishika kwapani aniinue ghafla, na mimi nikapiga ukelele ambao sikujua kama ninao. "Mayo!" nikalia, ndivyo Mnyamwezi anavyomwita mama anapozidiwa. "Mayo weee, wananimaliza!"

Sasa fikirini huko nje. Kuna bibi amekaa na roho juu tangu asubuhi, alishasema mkwe wake asipungukiwe na kitu, na anamsikia analia mama. Mwanamke ambaye miezi yote hiyo alikuwa anainuka kitini kwa hatua tatu aliinuka kwa moja. Wanasema alivuka ukumbi na fimbo yake hewani, na pazia lile la magurudumu alilisukuma kwa teke, likaenda peke yake mpaka ukutani. Na kwa kuwa ukumbi ulikuwa moja kwa moja mbele ya chumba, watu wote arobaini na wawili waliniona kwa nyuma, nimechutama, shati la kwenda misa juu, khanga chini.

Fundi baiskeli mmoja kutoka Igalula, aliyekuwa benchi la mbele, akaanza kusoma maandishi ya khanga kwa sauti, taratibu, kwa sababu yalikuwa yamekaa sawasawa kwenye makalio yangu: "Nimevumilia mengi... hili... limezidi."

Watu wakaanguka. Lakini mimi nilisikia sauti moja tu ambayo haikucheka, sauti ile inayotiiwa na ng'ombe wa jirani, ikisema kwa upole wa kutisha:

"Hiyo si khanga yangu?"

Nikatazama chini. Ya kijani, ua jeupe, pindo jeusi. Nilikuwa nimeiona kwa mbali, kwa hatua sita, kila sikukuu. Nilikuwa nimejifunga nguo ya mama mkwe wangu kiunoni. Wazee waliotunga miiko hawakuitaja hii kwa sababu hawakufikiri kama atazaliwa mjinga wa kuifikia.

Na tazama mtego ulivyo: siwezi kuivua, suruali iko upande wa pili wa chumba, siwezi kusimama, siwezi kugeuka, nitamtazama usoni. Mama mkwe akafanya linalotakiwa, akanigeuzia mgongo papo hapo. Tukawa tumepeana migongo, mimi chini yeye juu, na nesi ameshika mdomo wake kwa mikono miwili, masikini, ndiyo kwanza anaelewa alichofanya.

"Wewe kijana unayejua kusoma," Mama Nyamizi akamwambia yule fundi. "Mwambie huyo aliyechutama, khanga asiirudishe."

"Anasema usirudishe khanga," fundi akaniambia. Alikuwa hatua mbili kutoka kwetu sote.

"Mwambie nimesikia, na shikamoo."

"Anasema amesikia, na shikamoo."

"Marahaba. Muulize wamemfanya nini."

Kabla fundi hajauliza, Dakta Zaituni akajibu kwa sauti ambayo haikuwa na utani tena. "Mama, hatujamfanya kitu. Goti lake hili linaumwa, na si leo. Mzee, umenidanganya. Siwezi kukuweka kwenye wenye magoti mazima, ungeniharibia hesabu yote."

"Kwa hiyo mnamkataa?" akauliza Mama Nyamizi.

"Upande huo, namkataa."

"Basi. Mwambieni Nyamizi anifungie mzigo. Nakwenda Usinge."

Nikasikia fimbo yake inagusa sakafu, mara moja, mara ya pili, inaelekea mlangoni. Na mimi nimechutama pale, nikauona ule wembe. Niliuona kabisa. Nikafikiri, Maganga, umebakiwa na nini tena cha kulinda? Ile sifa ya magoti mazima wameshaisoma watu wote kwenye khanga.

"Fundi!" nikapiga kelele. "Mwambie asimame! Mwambie goti hili lina miaka mitatu. Mwambie sipandi ngazi ya ghala bila kupumzika. Mwambie usiku nalipaka mafuta ya taa nikidhani Nyamizi amelala. Mwambie nimedanganya kwa sababu Mzaramo alinicheka!"

Fundi, Mungu amjalie, akayasema yote, neno kwa neno, kwa sauti kubwa kuliko yangu, na ya mafuta ya taa akairudia bila kuombwa.

Fimbo ikanyamaza.

"Muulize linamwumaje."

"Asubuhi linakaza," nikasema. "Nikikaa sana, kuinuka ni vita. Nikishuka kilima linataka kuniacha. Linalia."

"Kama la kwangu," akasema taratibu, safari hii bila kumtuma mtu. Kisha akamgeukia daktari. "Mwanangu, huyu si damu yangu. Hali mezani kwangu, hapiti njia yangu, hana shamba, hana mpaka na mtu. Huyu naye nani kamtega?"

"Hakuna aliyemtega, mama."

"Najua. Nani atamtega Rudia? Mchawi akimpelekea dawa atamwambia apunguze." Watu wakacheka tena, nami nikacheka kidogo kwa upande wa goti zima. Lakini yeye hakuwa anacheka. Nadhani alilitazama goti lake mwenyewe, maana kulitazama langu ni mwiko. "Basi kama ugonjwa umeingia hata mahali ambapo hapana ugomvi," akasema, "mimi nilikuwa naenda kukatwa kwa sababu ya nini?"

Akakaa kwenye kiti cha nesi, akanyoosha mkono wake uliokauka kwa jembe. "Chukueni. Na yeye msimfukuze. Muandikeni upande wa wabovu, na mimi."

"Wagonjwa," akasema Dakta.

"Huyo muandike mbovu."

Kwa hiyo tukaandikwa wote wawili. Walinilaza, wakalinyoosha goti polepole mpaka likafunguka, nikavaa suruali kwa msaada wa fundi. Eksirei ilionyesha la Mama Nyamizi limelika zaidi, langu liko njiani. Damu zetu zimekwenda kuhesabiwa, mara tatu, na Dakta alisema wazi majibu ya zile RNA ni ya utafiti, hayatatuponya kesho. Ijumaa ilipita. Hakwenda Usinge. Ilipita nyingine, hakwenda.

Wazee wa ukweni walikaa, kwa sababu jambo lile lisingeweza kuachwa hivi hivi. Walitaka mbuzi wawili, nikawapunguza mpaka mmoja, na mzee mmoja akachungulia zizini akasema basi huyo hapo mwenye tumbo. Doti mbili za khanga za kufidia ile moja. Jogoo wa shangazi aliyepeleka ujumbe wangu kwao. Funzo nililolipata ni fupi: utani una mpaka wake, na mpaka wenyewe ni mlango wa daktari. Mtani umjibu ukumbini. Ukishaingia chumbani sema ukweli wote, hata wa mafuta ya taa. Na nimeapa, mtu akiniambia nimehesabu tatu, nitasema tatu, sitarudia.

Sasa kilichobaki ndicho kinachoninyima usingizi, na ndicho kilichonifanya niandike, maana aibu ningeweza kukaa nayo kimya. Dakta Zaituni ametupangia mazoezi ya kuimarisha mapaja, kila wiki, kikundi cha watu wanane pale pale ukumbini. Mnakaa wawili wawili, viti vinatazamana, mmoja ananyoosha mguu na mwenzake anaushika kisigino na kuusukuma. Wenzetu sita wameshapatana wenyewe kwa wenyewe, tumebaki mimi na mama mkwe. Nimemweleza Dakta habari za ukwe, akasema goti halijui ukwe. Nimemwomba Nyamizi amwambie mama yake asije. Nyamizi akaenda, akarudi na jibu: "Mwambie mumeo nimeshanunua raba, na kama hatakuja yeye, siendi mimi."

Nikienda, nitashika kisigino cha mama mkwe wangu mbele za watu. Nisipoenda, ataacha mazoezi, goti litarudi kule kule, na yule jirani bado anapita kila jioni na habari zake. Wazee niliowauliza wamegawanyika nusu kwa nusu, na wa katikati anataka mbuzi kwanza ndipo atoe maoni. Mwenye kujua namna mkwe anavyomshika mkwe mguu kwa heshima, aniambie, na aniambie upesi, zoezi ni keshokutwa saa tatu.